Furaha ya Watoto na Bei ya Mlangoni

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa hapa pwani ambaye sasa yuko Marekani pamoja na mkewe na watoto wake, ametuletea suala ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa si lake peke yake. Asema kwamba kila shule zifungwapo watoto wake humwomba awapeleke katika moja ya zile bustani kubwa za michezo zilizoko huko, zenye pembea za kila namna na majumba ya maajabu. Wenzao darasani wamekwenda, wao hawajakwenda. Mwaka baada ya mwaka huweka akiba, na mwaka baada ya mwaka bei ya kiingilio humtangulia. Sasa auliza: Je, yampasa baba kukopa ili watoto wake wasijione wanyonge mbele ya wenzao? Na je, wenye bustani hizo wana haki ya kupandisha bei hata mtu wa kipato cha wastani asiweze kuingia na jamaa yake?

Masuala haya ni mawili, na aghlabu watu huyachanganya. Moja lahusu muuzaji, na la pili lahusu mzazi. Akichanganya mtu, ama atamlaumu muuzaji kwa makosa ya mzazi, ama atamwambia mzazi aridhike na hali yake ili muuzaji asiulizwe lolote. Sisi hatutaki moja wala jingine. Twataka kila mmoja apewe haki yake, na aulizwe lililo juu yake.

Kabla ya kuhukumu yafaa kulijua jambo lenyewe. Bustani ya namna hii iliyo mashuhuri kuliko zote ni Disneyland, iliyoko Anaheim katika jimbo la California. Ilifunguliwa mwezi wa Julai 1955 na Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za watoto. Kwa masimulizi yake mwenyewe, fikira hiyo ilimjia alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili kucheza katika bustani ya Griffith Park, mjini Los Angeles. Wao walikuwa wakipanda farasi wa mbao wanaozunguka, naye akiketi juu ya benchi akila njugu na kuwatazama. Akaona kwamba pana upungufu: watoto wana mchezo, lakini mzazi hana la kufanya ila kungoja. Akatamani pawe na mahali ambapo mzazi na mtoto watacheza pamoja. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirejea. Asili ya bustani hii haikuwa pembea, bali ni baba aliyetaka kuwa pamoja na wanawe.

Mwaka huo wa 1955 mtu mzima alilipa dola 1 mlangoni na mtoto senti 50, kisha kila mchezo ukalipiwa peke yake. Baada ya miezi michache vikaanza kuuzwa vitabu vya tiketi. Kitabu cha mtu mzima cha michezo minane kilikuwa dola 2.50. Mpango wa vitabu ulidumu hata mwaka 1982, ukaja mpango wa tiketi moja imwezeshayo mtu kucheza michezo yote siku nzima. Mwaka 2016 likazuka jambo jipya: bei ya siku moja ikaacha kuwa moja kwa siku zote, ikawa yabadilika kwa tarehe. Siku ambayo watu ni wachache ina bei ya chini, na siku ya msongamano ina bei ya juu. Katika mwezi wa Oktoba 2024 tiketi ya siku moja ya mtu mzima ilitangazwa kuwa dola 104 kwa siku iliyo rahisi kuliko zote, na dola 206 kwa siku iliyo ghali kuliko zote. Mtoto aliyetimiza miaka kumi huhesabiwa kuwa mtu mzima. Basi mume na mke wenye watoto wawili wa umri huo, walipokwenda siku iliyo ghali kwa bei hizo za mwaka 2024, walilipa dola 824 mlangoni tu, kabla ya chakula, kabla ya kuliweka gari, na kabla ya malazi kwa atokaye mbali.

Mtu atasema: Fedha ya mwaka 1955 si fedha ya leo. Hilo ni kweli, na hatupendi kumdanganya msomaji kwa hesabu ya nusu. Basi na tuipime bei kwa jasho la mtu. Mwaka 1955 kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani kilikuwa senti 75 kwa saa. Hata tukijumlisha kiingilio na kitabu cha tiketi kuwa dola 3.50, mtu mzima mmoja alihitaji kazi ya saa zisizotimia tano. Mwaka 2024 kima cha chini katika California kilikuwa dola 16 kwa saa; kwa hesabu hiyo siku iliyo rahisi ni kazi ya saa sita na nusu, na siku iliyo ghali ni kazi ya karibu saa kumi na tatu. Na yule atokaye katika jimbo lifuatalo kima cha serikali kuu, ambacho mwaka huo kilikuwa dola 7.25, atafanya kazi saa kumi na nne kwa siku iliyo rahisi, na saa ishirini na nane kwa siku iliyo ghali. Hizo ni za tiketi ya mtu mmoja. Azizidishe kwa idadi ya jamaa yake.

Sasa na tumsikilize muuzaji, kwa maana si uadilifu kumhukumu mtu asiyesikilizwa. Ana hoja tatu. Ya kwanza, bustani ina ukuta, na ukuta una kikomo. Wakadiriaji wa biashara hii wasema kuwa mwaka 2023 watu walioingia Disneyland walizidi milioni 17. Lau bei ingeshushwa, wangezidi hao, na kila mmoja angengoja mpaka furaha imwishie miguuni. Ya pili, asema kwamba hakupandisha bei zote. Ile ya chini, dola 104, haikubadilika tangu mwaka 2019, na mwanzoni mwa mwaka 2024 aliuza kwa muda tiketi za watoto wa miaka mitatu hadi tisa kwa dola 50. Ya tatu, asema kwamba hakumlazimisha mtu. Pembea si mchele wala si dawa. Asiyeweza na akae kwake.

Hoja hizi zina uzito, nasi hatuwezi kuzipuuza. Twajua kwamba katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, bei zilipanda Madina, na watu wakamwomba aweke kima. Akakataa, akikhofu kumkuta Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu katika mali yake. Kweli, wako wanavyuoni waliosema, na Ibn Taymiyya ni mmoja wao, kwamba kima huwekwa watu wanapodhulumiwa katika vitu wasivyoweza kuviepuka. Lakini nani atathubutu kusema kuwa pembea ni kitu kisichoepukika? Kwa hiyo hatusemi kwamba muuzaji wa furaha amemnyang'anya mtu haki yake kwa sababu ya kuuza ghali. Mwenye mali ana khiari.

Lakini kuwa na khiari si mwisho wa masuala. Mtu aweza kuwa na haki ya kufanya jambo, na jambo lenyewe likawa baya kwa namna alifanyavyo. Sisi twaona mabaya matatu katika bei hizi, na hakuna hata moja katika hayo lililo katika wingi wa fedha peke yake.

La kwanza ni katika siku. Tazama ni siku zipi zilizo rahisi na ni zipi zilizo ghali. Siku rahisi ni zile za katikati ya juma, wakati shule zimefunguliwa. Siku ghali ni zile za likizo na sikukuu. Yaani bei ya chini imewekwa siku ambayo mtoto yuko darasani na baba yake yuko kazini. Mtu asiye na mtoto, au mwenye kazi ya kujiamulia, aweza kuichagua. Mwenye watoto wa shule hana la kuchagua. Basi mahali palipoanzishwa kwa ajili ya mzazi na mtoto pamekuwa na bei inayomwelekea mzazi na mtoto kwa ukali zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Muuzaji hakukusudia hivyo; amefuata hesabu ya msongamano. Walakini hesabu isiyomwona mtu humkanyaga mtu, na asiyekusudia kukanyaga yampasa atazame chini.

La pili ni katika foleni. Zamani ndani ya bustani hizi wote walingoja sawasawa. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa kumpa mtu karatasi ya kumrejesha kwa saa fulani asikae kwenye foleni ndefu, na karatasi hiyo ilikuwa bure kwa kila aliyeingia. Mwaka 2021 mpango huo uliondolewa, ukaletwa wa kulipia. Na mwishoni mwa mwaka 2024, katika bustani za kampuni hiyo hiyo zilizoko Florida, iliuzwa ruhusa ya kupita mbele kwa siku moja ambayo bei yake ya juu ilifika dola 449 kwa mtu mmoja, mbali na kiingilio. Hapa twaona kwamba jambo limebadilika sura. Mwenye kulipa zaidi ili apate chumba kikubwa hotelini hakupunguza chumba cha mwenzake. Lakini nafasi ya foleni si kitu kinachoongezwa: kila dakika anayoiokoa mmoja hulipwa na wale aliowapita. Na wanaopitwa wamekwisha kulipa mlangoni, tena baada ya akiba ya mwaka mzima. Mtoto ashikaye mkono wa babake, akiona mtoto mwenziwe anapita mbele bila ya kungoja, huuliza sababu. Baba atamjibu nini? Akisema kweli, mtoto amejifunza katika siku ya furaha yake kwamba kungoja ni kwa wasio na kitu. Somo hilo litamfikia siku moja, hatukatai. Dunia haina haya. Lakini kulinunua kwa fedha yako, katika siku uliyokusudia kumfurahisha, ni khasara iliyo juu ya khasara.

La tatu ndilo lililo kubwa, nalo halionekani katika bei wala katika foleni, bali katika moyo wa mzazi. Siku iliyonunuliwa kwa mali nyingi haiwi siku tena. Huwa deni ambalo lataka kulipwa kabla ya jua kutua. Baba aliyetoa dola 824 asubuhi hawezi kuketi chini ya mti. Atazama saa. Ahesabu michezo. Mtoto akitaka kurudi mara ya pili kwa farasi wale wale wa mbao, humwambia kuwa hao hata mjini wako, na twende tukaone kisichokuwako. Mtoto akichoka, hukasirika. Mtoto akilia, humkumbusha gharama. Wote wawili wamo ndani ya bustani, na kila mmoja yuko peke yake. Msomaji na akumbuke yule mtu wa benchi pale Griffith Park. Yeye alilalamika kwamba yu karibu na wanawe bila ya kushiriki mchezo wao. Leo mzazi amelipa mali nyingi ili ashiriki, na bei yenyewe imemrudisha benchini. Tofauti ni kwamba yule alikuwa na njugu na utulivu, na huyu ana khofu ya kukhasirika.

Sasa twarejea kwa mzazi. Ndugu yetu ameuliza kama yampasa kukopa. Yeye si wa kwanza kuuliza. Shirika moja la mambo ya mikopo huko Marekani, LendingTree, liliuliza watu mwaka 2024, likapata kwamba katika wazazi wenye watoto wadogo waliokwenda katika bustani za Disney, karibu 45 katika kila mia waliwahi kuingia katika deni kwa ajili ya safari hiyo. Twajua pia kwamba mkopo wa kadi ni mkopo wa riba, na hukumu ya riba haihitaji kufunzwa wasomaji wetu. Lakini hata tukiliweka hilo kando, twauliza: Deni hili limemlipia nani? Wengi wa hao wadaiwa wakiulizwa watasema, na wakisema husema kweli, kwamba hawajuti, kwa sababu ya uso wa mtoto siku ile. Hatuwacheki. Mapenzi ya mzazi si kitu cha kuchekwa. Lakini mapenzi hayo ndiyo bidhaa anayoiuza muuzaji. Yeye ajua kwamba mtu huweza kujinyima nafsi yake, wala hawezi kumnyima mwanawe. Basi mzazi na atenganishe mambo mawili: haja ya mtoto na haya ya mzazi. Mtoto ana haki juu ya babake ya chakula, mavazi, malezi, elimu, na ya kuchezewa. Hana haki ya kwamba babake asionekane maskini mbele ya jirani. Haki hiyo ya pili ni ya baba kwa nafsi yake, naye huikopea kwa jina la mwanawe.

Hapa twataka kujihadhari na jambo moja. Kuna waandishi ambao wafikapo hapa humaliza kwa kumwambia maskini aridhike, wakaweka kalamu chini, wakenda na wana wao wakapande pembea. Sisi hatusemi hivyo. Kuridhika ni sifa njema, lakini si kitu cha kuhubiriwa upande mmoja. Tukimwambia asiye na kitu kwamba furaha ya mtoto haiko katika tiketi, basi yatupasa tuhakikishe kwamba iko mahali pengine ambapo mtoto huyo aweza kufika kwa miguu yake. Mji ambao kila kiwanja kimejengwa, kila ufuo umewekewa ua, na kila kivuli kina mlango wa kulipia, hauna haki ya kumwambia baba kuwa mambo mema ni ya bure.

Na hili latuhusu sisi hapa kabla ya kuwahusu Wamarekani. Nani katika watu wa Mombasa asiyejua barabara ya Mama Ngina jioni ya Jumapili? Watu hukaa wakitazama meli ziingiazo Kilindini, wakila mihogo na kunywa madafu, mwenye gari na mwenye miguu, wote juu ya ukuta mmoja na upepo mmoja. Pahali hapo palipotengenezwa upya mwaka 2019, wengi walifurahi kwa uzuri wake. Nasi twasema kwamba uzuri wake mkubwa kuliko wote ni kuwa mtu hulipia muhogo wake, wala halipii bahari. Kadhalika zile pembea za siku za Idi. Sisi tuliokua zamani twazikumbuka: mtoto alikwenda na peni zake za mkono wa Idi, akapanda, zikaisha, akabaki uwanjani pamoja na waliobakiwa na wasiobakiwa, kwa maana uwanja haukuwa na mlango. Hakuna aliyeulizwa baba yake ni nani. Mambo haya hayakujileta wenyewe. Yalikuwako kwa sababu palikuwa na uwanja wa watu wote, na palikuwa na watu wa kuulinda. Kiwanja kikiuzwa leo, kesho mjukuu wetu atalipia ruhusa ya kukimbia.

Basi twamjibu ndugu yetu hivi. Muuzaji hakukudhulumu kwa kuuza ghali, lakini usimkubalie akuambie kuwa bei yake ndiyo kipimo cha mapenzi yako. Ukiweza kwenda kwa akiba yako ya halali, bila ya kuvunja haja za nyumba, basi nenda, na siku hiyo isahau bei mara tu upitapo mlangoni. Mtoto akitaka farasi wa mbao mara tatu, mpandishe mara tatu, nawe panda pamoja naye. Usipoweza, usikope, wala usimdanganye mtoto kwa kusema kuwa bustani ni mbaya au imefungwa. Mwambie kwamba bei yake yatushinda mwaka huu. Mtoto huweza kuustahimili ukweli uliosemwa kwa upole. Lisilostahimilika kwake ni haya aionayo usoni mwa babake. Kisha chukua ile siku ambayo ungaliitumia huko, siku nzima, bila ya kazi na bila ya simu, uwape. Griffith Park iko hata leo, na haina kiingilio. Chukua na njugu, lakini usiketi benchini.